Programu ya maji kwenye simu: iamini kwa saa, usiiamini kwa kina

Programu za bure za simu zinazoonyesha saa za maji kujaa na kupwa zinawafaa wavuvi na wapeleka wageni wa Bagamoyo, mradi mtumiaji ajue mipaka yake.

Kwanza kagua majira. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Simu ikikuambia saa saba mchana, imebaki kwenye saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu, irekebishe. Ikikosa kituo cha Bagamoyo, chagua Zanzibar, iko mkabala.

Watu husema nahodha huenda kwa hisia tu. Sivyo. Anahesabu siku za mwezi, na anajua kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Hiyo ni kanuni kamili, ila imekaa kichwani.

Tatizo kubwa ni namba za kimo. Simu ikiandika mita 3.9, hicho si kina kilicho chini ya chombo chako. Ni kimo juu ya alama ya maji ya chini kabisa. Kama pana fungu la mchanga lililoinuka mita 1 juu ya alama hiyo, mita hiyo uitoe mwenyewe kwenye namba ya simu. Tena maji hayapandi sawasawa. Chukua siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu: kupwa 0.3, kujaa 3.9, tofauti 3.6. Igawe kwa 12, kila sehemu ni 0.3. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Baada ya saa mbili kimo ni 1.2, yaani juu ya fungu lile kuna maji ya sentimita 20 tu. Saa moja baadaye pana mita 1.1. Dau linalozama sentimita 70 likiwahi kwa saa hiyo moja, limekwama. Na kukosea saa maji yakiwa yanapwa ni kubaya zaidi: ukigusa fungu, umepwelewa mpaka yajae tena.

Upepo programu haiujui. Hesabu yake ni ya mwezi na jua. Wala haiujui mlango wa mto Ruvu, ambako mafuriko ya masika huhamisha mchanga. Pale tafuta nahodha anayepita kila siku, umfuate nyuma.