Toyota 2ZZ-GE: nguvu zote ziko juu ya mizunguko 6,000, na anayezifungulia ni oili

Kati ya injini ndogo za michezo zisizo na tabo (turbo), 2ZZ-GE ni mojawapo ya chache ambazo bado zinatafutwa na watu wanaojua wanachotafuta. Silinda nne, sentimita za ujazo 1,796, na takriban nguvu farasi 190 kulingana na gari na soko. Toyota iliiweka kwenye Celica kuanzia 1999, kisha kwenye Corolla kadhaa, zikiwemo RunX na Allex za daraja la juu. Lotus nayo ikaichukua kwa ajili ya Elise. Yamaha walishiriki kuiunda.

Wengi huiona kama 1ZZ-FE ya Corolla ya kawaida iliyochezewa kidogo. Hapana. 1ZZ ina kipenyo cha silinda cha milimita 79 na pistoni inayosafiri milimita 91.5. 2ZZ ni 82 kwa 85, yaani silinda pana na safari fupi, umbo linalovumilia mizunguko mingi. Mgandamizo wake ni 11.5 kwa 1, kwa hiyo usiinunue kama petroli unayopata iko chini ya RON 95 (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo). Hedi (kichwa cha injini, penye vali) ni kitu kingine kabisa, na hedi ndiyo sababu ya tathmini hii.

Hukumu tuitoe mapema: ni injini tamu mno kwa dereva anayekubali kuikanyaga, inachosha kwa anayetambaa kwenye foleni kila siku, na inaweza kumkausha mfuko anayeinunua bila kukagua njia za oili.

Kinachotokea ndani ya hedi

Kuna mifumo miwili humo, nayo huchanganywa kila siku, hata na mafundi wazuri. Toyota iliipa jina moja, VVTL-i, lakini kila mmoja una kazi yake na unaharibika kivyake.

Wa kwanza husogeza wakati wa kufunguka. Mbele ya kamshafti (shafti yenye nundu zinazofungua vali) ya vali za hewa, pale cheni ya taimingi inaposhika, kuna gia yenye vyumba vidogo ndani. Oili ikisukumwa upande mmoja wa vyumba hivyo, kamshafti inatangulia na vali zinafunguka na kufunga mapema. Ikisukumwa upande wa pili, zinachelewa. Kamshafti ya vali za moshi haisogei hata kidogo.

Gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, vali za hewa hucheleweshwa ili zisiwe wazi pamoja na za moshi, na ngurumo inatulia. Kwenye mizunguko ya katikati huwahishwa, kwa sababu vali ikifunga mapema pistoni inayopanda haipati nafasi ya kuirudisha hewa ilikotoka. Mizunguko ikipanda sana hucheleweshwa tena: hewa iliyokwisha kushika kasi ndani ya paipu inaendelea kujisukuma kwenye silinda hata baada ya pistoni kuanza kupanda, na kufunga mapema kungeikatia njia.

Mfumo wa pili ndio ulioipa injini hii umaarufu. Kila jozi ya vali ina roka moja (mkono mdogo unaozibonyeza vali), na juu ya roka hiyo kamshafti ina nundu mbili, ndogo na kubwa. Nundu ndogo hubonyeza rola ya roka, inainua vali milimita 7.6 na kuiweka wazi kwa digrii 228 za mzunguko wa kranki (shafti inayozungushwa na pistoni). Nundu kubwa nayo inazunguka muda wote, ila inabonyeza kipande cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya roka kwa springi yake. Kikiwa huru, kinacheza tu na vali haina habari.

Injini ikipita mizunguko 6,000 kwa dakika na ushei, kompyuta inafungua vali ya solenoidi (inayoendeshwa kwa umeme). Presha ya oili inaingia kwenye shafti za roka na kusukuma pini ndogo chini ya kile kipande. Sasa hakina pa kushukia, na nundu kubwa ndiyo inayoendesha vali. Vali za hewa zinapanda hadi milimita 11.2 na kukaa wazi digrii 292. Za moshi, milimita 10.0 na digrii 276.

Piga hesabu uone kwa nini walijisumbua. Kwenye mizunguko 2,000, digrii 228 ni milisekunde 19, muda wa kutosha silinda kujaa. Kwenye 8,000 kranki inazunguka mara 133 kwa sekunde na digrii hizohizo zinabaki milisekunde 4.75. Silinda inabaki na njaa. Nundu kubwa inarudisha muda hadi kama milisekunde 6.1 na kufungua mlango kwa karibu nusu zaidi. Je, kwa nini isitumike nundu kubwa tangu mwanzo? Kwa sababu mizunguko ikiwa michache, vali za hewa na za moshi zingekaa wazi pamoja kwa muda mrefu, mchanganyiko mpya ungetorokea kwenye ekzosi, hewa nyingine ingerudishwa nje na pistoni, na injini ingetetemeka na kuzimika kila unapoachia pedeli.

Kitu kimoja cha kukumbuka kabla ya kulalamika: nundu kubwa haishiki mpaka maji ya injini yafike karibu nyuzi 60 za Selsiasi. Oili baridi ni nzito na pini zingechelewa. Anayeijaribu ikiwa bado ya baridi na kusema imekufa, hajaijaribu.

Barabarani

Torki (nguvu ya kuzungusha) ya juu kabisa ni kama Newton mita 180, nayo inapatikana kwenye mizunguko 6,800. Soma namba hiyo ya pili mara mbili. Chini ya 4,000 injini hii ni ya kawaida tu, na gari lenye watu wanne na mizigo litakufanya ushushe gia kila mwinuko. Ukivuka 6,000 sauti inabadilika ghafla, inakuwa kavu na ya juu, na gari linasukuma upya hadi karibu na kikomo. Anayependa nguvu zinazokuja kwa utaratibu ataiona ina kigeugeu.

Gia ndiyo inayoamua kama utaifurahia. Kwenye gia ya mkono ya spidi sita, C60, uwiano wa gia ya tatu ni 1.481 na ya nne 1.166. Ukibadilisha kwenye mizunguko 8,200, sindano inaangukia karibu 6,450: bado uko kwenye nundu kubwa. Ukibadilisha kwenye 7,500 inaangukia 5,900, umeshatoka, na inabidi usubiri ipande tena. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili (3.166 na 2.050) unatoka nje hata ukifika kikomo, hilo halina dawa. Otomatiki ya gia nne ina mapengo makubwa zaidi, na kwa maoni yetu kuifunga kwenye injini hii ni kuipoteza. Kama gari ni la otomatiki, nunua la 1ZZ uokoe pesa na petroli.

Inapougua

Ugonjwa wake maarufu ni bolti mbili. Kila shafti ya roka, ya upande wa hewa na ya upande wa moshi, inashikwa na bolti ambayo oili ya kusukuma zile pini hupitia. Bolti za magari ya miaka ya mwanzo zilikuwa dhaifu: shafti inatikisika kidogo kila mzunguko, inaila bolti kiunoni, na siku moja inakatika. Presha inavujia ndani ya hedi, pini hazisogei, na nundu kubwa inabaki pambo. Gari halizimi wala halitoi kelele. Linakufa tu juu ya 6,000, kama limefungwa kamba, na mwenye gari anabadilisha plagi, koili na pampu ya petroli bila mafanikio. Toyota baadaye ilitoa bolti zilizoboreshwa. Kuzibadilisha ni kufungua tapeti kava (kifuniko cha juu cha hedi), bila kugusa kamshafti, na bei ya bolti zenyewe haimuumizi mtu. Ikiwa moja imekatika, tafuta kipande kilichobaki mpaka ukione kwa macho. Usifunge kava kwa matumaini.

Upande wa oili yenyewe, injini hii haina huruma. Inachukua lita 4.4 ukibadilisha na filta, na 5W-30 nzuri inatosha kwa barabara. Wanaokimbia kwenye viwanja vya mbio wengi huhamia 5W-40. Oili iliyokaa kupita muda wake huacha tope, na mahali pa kwanza pa kuziba ni kichujio kidogo cha waya ndani ya hedi kinacholisha vali ya oili ya VVT-i, yaani ule mfumo wa kwanza. Watu hununua vali mpya wakati tatizo ni kichujio hicho. Kichomoe, kioshe kwa petroli, kipulizie hewa. Taa ya injini ikiwaka na msimbo P1349, anzia hapo.

Kuipima vali yenyewe ni rahisi. Ikiwa na joto la kawaida la chumba, ukinzani wake uwe kati ya omu 6.9 na 7.9. Halafu injini ikinguruma bila mzigo, chomoa soketi yake na uipe volti 12 moja kwa moja kwa sekunde chache. Ngurumo ikichafuka au injini ikizima, vali na gia ya kamshafti zinafanya kazi. Isipobadilika kitu, kuna kilichokwama.

Pampu ya oili inaendeshwa moja kwa moja na pua ya kranki, na hapo ndipo injini nyingi zilizokimbizwa zilipofia. Kompyuta inaweza kukuzuia usipandishe mizunguko kupita kiasi kwa pedeli. Haiwezi kukuzuia ukiteleza kutoka gia ya nne kwenda ya pili badala ya kwenda ya tatu ya kawaida. Kranki inarushwa kupita uwezo wake, meno ya pampu yanapasuka, presha inaisha, na beringi zinafuata ndani ya muda mfupi. Watu wa Elise wanaokwenda uwanjani huweka meno ya pampu yaliyoimarishwa, pamoja na sampu (bakuli la oili chini ya injini) yenye vizuizi, kwa sababu kwenye kona ndefu za kasi oili hukimbilia upande mmoja na pampu ikanyonya hewa.

Kiwambo cha kukaza cheni huvuja oili kwenye ringi yake ya mpira. Hilo ni dogo: nati mbili, kazi ya nje. Ila kikiwa kimetolewa usiizungushe injini hata kidogo, cheni ikiruka jino vali zitakutana na pistoni.

La mwisho ni kubwa kuliko yote. Kuta za silinda hazina silivu (mabomba ya ndani) za chuma. Ni aluminiamu iliyochanganywa na nyuzi za kauri, ngumu na nyepesi, lakini haipanuliwi kwa mashine za kawaida kama bloku nyingine. Ukuta ukichanika, unatafuta bloku nyingine au unalipa karakana maalumu kuweka silivu. Hapa ndipo Honda K20A inapoishinda waziwazi: ina lita 2.0, silivu za chuma, nguvu farasi 220 kwenye Integra Type R ya Japani, na torki ya Newton mita 206, kwa hiyo haikuachi mikono mitupu chini ya 6,000. Ukiwa huru kuchagua na bei zinalingana, K20A ni injini bora. Tunaandika hivyo bila kusita, ingawa 2ZZ ni nyepesi na ndiyo inayofaa kwenye gari dogo kama Elise.

Kabla hujatoa pesa

Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iwashe ikiwa baridi usikilize upande wa cheni: mgongano wa sekunde moja au mbili unavumilika, ukiendelea kiwambo au cheni imechoka. Fungua kifuniko cha oili utazame chini yake, ukiona tope jeusi lililoganda ondoka. Chomoa kijiti cha oili pia, maana injini hizi hunywa oili zikikimbizwa, na nyingi huendeshwa nusu lita au lita nzima chini ya alama.

Ikishapata moto vizuri, ipeleke kwenye barabara iliyo wazi, gia ya pili, kanyaga mpaka chini kuanzia 4,000. Ukivuka 6,000 lazima usikie mabadiliko ya sauti na usukumwe kwenye kiti. Usiposikia, kabla ya kumshusha bei muuzaji kwa ajili ya bolti, hakikisha kiwango cha oili na joto la maji, kwa sababu vyote viwili huleta dalili hiyohiyo. Achia pedeli kutoka mizunguko ya juu gia ikiwa bado imeingia, kisha kanyaga tena ukitazama kioo: moshi wa bluu unaotoka hapo ni ringi au sili za vali, na kwa bloku hii hakuna ukarabati wa bei rahisi wa ringi zilizokula ukuta.

Ukiinunua, siku ya kwanza ibadilishie oili na filta, osha kile kichujio cha waya, na uweke bolti mpya hata kama za zamani zinaonekana nzima. Plagi ziwe iridiamu zenye mwanya wa milimita 1.1. Tapeti kava ikiwa wazi, tazama nundu kubwa za kamshafti moja moja: zikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, mtu aliiendesha bila oili ya kutosha, na kamshafti pekee haitakuwa gharama yako ya mwisho.