Baada ya jeraha: baiskeli ya jimu au barabara?

Baada ya wiki 6 bila kukanyaga pedali kwa sababu ya goti, mlima wa Makindye, hapa Kampala, ulinishinda katikati, nikashuka nikasukuma. Pumzi hupotea mapema: ukikaa wiki 2 tu, maji ya damu yameshapungua na moyo unadunda zaidi kwa kazi ileile.

Kwa gharama, barabara inashinda. Baiskeli unayo tayari. Jimu hulipiwa, lakini uzito wa pedali unaupanga mwenyewe, na goti likilalamika unashuka hapohapo. Kampala haina huruma hiyo: kila bonde lina kilima chake, na bodaboda wanakupigia honi kwa nyuma.

Ila jimu inachosha, jamani. Dakika 20 unatazama ukuta!

Goti likivimba jioni, baki jimu. Likitulia, zunguka Entebbe alfajiri, gia nyepesi.