Kukunja kopa anajua, finishi ndo mtihani

Wadau mnaopika bia nyumbani hapa Dom, nimempa kazi fundi mmoja wa AC na friji mitaa ya Majengo anikunjie koili ya kupozea, jina simtaji maana kuna sehemu kanikwaza. Nilimpelekea paipu ya kopa mpya roli zima mita 15, ile ya nchi 3/8, na kwanza kabisa alinikata jicho akauliza "boss, gongo hii?" ikabidi nianze kumweleza kwamba hapana, nachemsha kimea cha mtama na koili inazama kwenye sufuria, maji ya bomba yanapita ndani yanatoka na joto. Sidhani kama aliniamini.

Kukunja lakini mpeni maua yake. Alijaza mchanga mkavu laini, akaziba huku na huku, akazungushia kwenye mtungi mdogo wa gesi taratibu, hakuna hata sehemu moja paipu ilibonyea. Mchanga aliutoa wote kwa kompresa. Nozeli za kuvalishia mpira wa maji kaunga kwa vile vijiti vya silva vya AC, hapo nikafurahi coz nilikuwa naogopa lehemu ya redio yenye madini ya risasi. Ufundi elfu 40, haki yake.

Shida sasa. Ncha za hizo nozeli alizikata kwa grenda badala ya kile kikata paipu cha kuzungusha, zikabaki na meno meno, na kwenye maungio flaksi (ile dawa ya kuungia) imeganda kama kioo, ye anakwambia "itatoka yenyewe ukitumia". Na mimi kwa haraka zangu nikaifunga hivohivo, siku ya kupika yale meno yakakata mpira kwa ndani, maji ya bomba yakawa yanadondokea kwenye uji (yale maji ya kimea) ambao ushapoa, yaani ushachemsha vizuri halafu unarudishia vijidudu mwenyewe. Lita 20 zilichacha, nikamwaga.

Nikarudia mwenyewe. Tupa ndogo ya duara ndani ya ncha, nje msasa 120 halafu 400 wa maji, unapitisha kidole mpaka hakikwaruzi. Flaksi nililoweka kwenye maji ya moto ikalainika, nikasugua kwa brashi. Weusi wa moto nikautoa kwa siki ya kawaida na kijiko cha chumvi, dakika chache tu kopa inakuwa ya pinki kama sarafu mpya, ila usiilaze humo usiku kucha na hayo maji yakishakuwa ya kijani mwaga mbali na watoto na kuku, kisha suuza sana. Jik usiguse kabisa, inaifanya nyeusi. Na ikifubaa kidogo kuwa kahawia usihangaike, haina neno, ukiona ukijani ndo usafishe kabla haijaingia kwenye sufuria. Mi nikimaliza natikisa maji yote ya ndani maana haya maji yetu yakikauka humo yanaacha ukoko mweupe.

Nyota 3 kati ya 5. Kukunja ntampelekea tena hata kesho, ila ncha ntamwambia aziache ndefu nikate mwenyewe home.