Mtoto kupimwa na mwanasaikolojia Dodoma: siku ya kwanza ilivyokwenda

Hapa Dodoma ukisema unampeleka mtoto akapimwe akili, watu wanasikia Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama mkwe alipiga simu kutoka Bahi, sauti imemkauka, akitaka kujua mjukuu wake amepatwa na nini. Hajapatwa na kitu. Yuko darasa la pili, mdomo haupumziki, ila kusoma hakumwingii, na mwalimu akatushauri tumwone mwanasaikolojia. Tukaenda kituo kimoja binafsi upande wa Area C.

Mtoto mwambieni mapema kwamba hachomwi sindano. Wetu alikaa kwenye bajaji njia nzima kaufunika mkono kwa kiganja. Dawa pia hakuna: mwanasaikolojia haandiki dawa, hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili.

Anayehojiwa hasa ni mzazi. Mimba ilikuwaje, alilia mara alipozaliwa au alikawia, alikaa lini, alitembea lini, aliwahi kupata degedege, analala saa ngapi, nani kwenye ukoo alisumbuka na shule. Mume wangu kila swali anajibu "kawaida tu," mpaka yule dada mwanasaikolojia akaweka kalamu chini: "Baba, kawaida ya lini?" Kadi ya kliniki ndiyo iliyotuokoa. Na madaftari! Bebeni hata yale yaliyojaa wino mwekundu, maana aliyapitia ukurasa kwa ukurasa, wakati ripoti ya muhula aliitupia jicho tu.

Zamu ya mtoto ilipofika alipanga vipande vya mbao, akachora mtu, akanakili maumbo, akarudia tarakimu alizosomewa, kisha akazisema kinyumenyume. Kwake ulikuwa mchezo. Alipoanza kupiga miayo walisimama, akanywa maji, akazunguka uwani kidogo. Kwa hilo nawapa maksi zote.

Picha zao za kipimo sasa. Mtoto wa Nkuhungu anaonyeshwa mashine ya kuchomea mkate, anajibu "spika." Dada aliandika jibu akasema hatalihesabu kuwa kosa. Sawa, lakini kwa ada ile wangetafuta picha za sufuria na jembe. Halafu tuliambiwa tufike saa mbili, tukaingia karibu saa tano, mtoto ana njaa. Nendeni na uji kwenye chupa.

Majibu hayatoki siku hiyo. Tulitumwa kwanza kupima macho na masikio, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana mtukutu au mzito. Mwalimu naye alipewa dodoso lake, wapate kulinganisha anavyokuwa darasani na nyumbani. Mimi nilipenda hivyo. Angetupa jina la ugonjwa palepale nisingemwamini.

Bima yetu haikugusa gharama yoyote, kwa hiyo ulizeni kwa simu kabla ya kutoka nyumbani. Ulizeni pia kama ripoti ya maandishi inalipiwa peke yake. Yetu inalipiwa, na tulijua hilo tukiwa tayari dirishani.