Gemu la Mtu Mmoja, Akaunti ya Nini?

Mambo vipi wadau, karibuni tena kutoka hapa Mbeya. Leo mezani kuna God of War Ragnarök ya kompyuta. Najua mmekuja kuona michoro, na michoro ni ya moto kweli: Kratos, shujaa wa gemu, akiita shoka lake likarudi mkononi, unausikia uzito mpaka kwenye vidole. Hapo sina ubishi. Ninachotaka tukiangalie ni mlango wa kuingilia.

Lilipotoka kwenye kompyuta, Septemba 19, 2024, lilikulazimisha kuwa na akaunti ya PlayStation. Jamani, gemu la mtu mmoja! Ni wewe, Kratos na mwanawe, basi. Sasa uko zako Mwanjelwa hapa Mbeya, umefungua fomu, unashuka kwenye orodha ya nchi: Afrika Kusini ipo, Tanzania haipo. Ukijiandikisha kama mkazi wa Johannesburg, masharti yanadai taarifa za kweli, kwa hiyo siku wakiifunga akaunti huna pa kulalamikia. Na Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, haikuliuza kabisa kwenye nchi zisizo na huduma ya akaunti hiyo. Hela ulikuwa nayo, mashine ulikuwa nayo, na bado ulikuwa huuziwi!

Januari 2025 Sony, wenye PlayStation, wakatangaza kulegeza, akaunti ikawa hiari. Ukiiunganisha unapewa vizawadi ndani ya gemu. Safi, hivyo ndivyo ilivyotakiwa tangu siku ya kwanza. Ila wapo ambao hawajalegeza.

Ona hili jingine, la magari, jina nalihifadhi. Nazima hotspoti ya simu... mnaona? Kiduara kinazunguka tu. Kinazunguka. Haya, limeandika limeshindwa kuipata seva, yaani kompyuta ya kampuni. Barabara zote zimo kwenye diski yangu, nakimbia peke yangu, lakini bando likikata nami nimekatwa. Na seva zikizimwa jumla ndiyo imetoka hiyo. Waulize walionunua The Crew, gemu jingine la magari: wenye gemu, kampuni ya Ubisoft, walizizima seva zake Machi 31, 2024, na hata kuzurura peke yako na gari lako ikawa haiwezekani tena.

Kwa hiyo kabla hujalipa, kwenye ukurasa wa gemu pale Steam tazama upande wa kulia. Kuna kaboksi kanakokwambia kama utadaiwa akaunti ya kampuni nyingine. Watu wanakapita kama tangazo. Likiwepo gemu hilohilo GOG, duka jingine la mtandaoni, mimi nachukua la GOG, maana unashusha faili la kusakinisha, unaliweka kwenye diski ya nje, na siku ya kucheza halikuombi intaneti.

Sasa wewe unayeuliza kila video kama Ragnarök inafaa: inafaa, ila andaa nafasi ya GB 190 kwenye SSD, ile diski ya kasi. Na usithubutu kuishusha kwa bando la simu. Tafuta jamaa mwenye intaneti ya faiba mjini, mpelekee soda, muachie mashine usiku kucha.