Jiko la gesi la moto mkubwa: tumelipikia Krismasi ya ukoo mzima Kibosho

Kama Desemba mnakwenda nyumbani na mna watu wengi wa kulisha, nunueni hili jiko. Naongelea lile la bana (kichomeo cha gesi) moja nzito ya chuma, lenye pete tatu za moto, lililokalia fremu ya miguu minne. Mama lishe na wapishi wa shughuli ndio wanaolitumia zaidi. Langu nilinunua Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi anayechomelea fremu mwenyewe, shilingi 85,000 bila mtungi, bila mpira na bila regulata (kile kifaa cha mtungini kinachodhibiti presha ya gesi). Tangu serikali izitake taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia kwa siku ziachane na kuni na mkaa, majiko haya nayaona kila kona pale, makubwa kwa madogo.

Mimi ni mke wa mtoto wa kwanza, kwa hiyo Krismasi ya Kibosho, kule mlimani Kilimanjaro, jikoni msimamizi ni mimi. Tunakuwa watu arobaini na kitu: mama mkwe, mashemeji na wake zao, mawifi walioolewa Rombo na Machame, wajukuu kutoka Dar, Mwanza na Nairobi, na wazee wa kihamba (shamba la ukoo) cha jirani ambao ni ndugu pia. Asubuhi ni mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), mchana pilau na machalari (ndizi za kupikwa na nyama), mbuzi ana siku yake, na chai haikatiki. Watoto hawana ratiba ya njaa. Aliyekunywa mtori saa mbili anarudi saa nne na binamu zake watatu.

Miaka yote tumepika kwa kuni. Jiko la mama mkwe liko nyuma ya nyumba, limeezekwa bati, lina mafiga makubwa ya mawe ambayo yeye mwenyewe aliyakuta alipoolewa. Nayaheshimu yale mafiga. Lakini Desemba mvua za vuli bado zinanyesha kule mlimani, na kuni ni matawi ya mibuni iliyopogolewa pamoja na mgrivea, nusu yake mabichi. Unapuliza mpaka macho yanavimba. Mtu mmoja kazi yake inakuwa moto tu, na mtu huyo kila mwaka ni mwanamke. Mama mkwe kifua chake si kizuri tena, ila ukimwambia akae ndani hakai. Anakuja na kigoda chake anakaa palepale kwenye moshi, maana ndiko waliko wakwe zake na ndiko mazungumzo yaliko.

Sasa jiko lenyewe. Moto wake una nguvu kweli. Sufuria la lita 50 likiwa na maji karibu ya kujaa lilichemka kwa kama dakika arobaini. Jiko la kawaida la nyumbani la gesi, lile la meza, ungelisubiri zaidi ya saa mbili, na miguu yake isingehimili ule uzito. Pete zinafungwa kila moja peke yake: zote tatu kwa kuchemsha, mbili kwa machalari, ile ya katikati tu pilau likishakauka maji. Hapo kwenye pilau ndipo liliponishangaza zaidi. Nilitegemea litaunguza chini, nikaandaa hadi sahani ya kuficha ukoko. Nilifunga pete mbili, nikabakiza ya katikati ikiwa chini kabisa, nikaweka mkaa kidogo juu ya mfuniko kama tulivyozoea, na wali ukatoka umechambuka punje kwa punje.

Mtori ulikuwa mtihani mkubwa zaidi, maana mtori wa Krismasi mama mkwe anauonja yeye kabla ya mtu mwingine. Tulianza na mifupa na nyama ya ng'ombe usiku wa tarehe 24, alfajiri tukatia ndizi mshare zilizomenywa na wifi zangu. Ndizi ziliiva zote kwa pamoja, hazikuwa na zile ngumu ngumu za pembeni ambazo kwenye kuni zinabaki upande usio na moto. Ukiminya moja kwa mwiko inafunguka yenyewe. Tukaponda, tukarudishia supu ya mifupa, nikampelekea bakuli.

"Umeiva vizuri, mwanangu," akasema. Akanywa tena. "Ila hauna moshi."

Hilo ni kweli, na atakayekwambia gesi inatoa ladha ileile anakudanganya. Moshi wa mbuni una harufu yake na sisi tuliokula chakula hicho miaka yote tunaikosa. Kwa hiyo mafiga hayakupumzika. Mbavu za mbuzi na ndizi za kuchoma za watoto zilibaki kwenye kuni, ng'ambo ya pili ya ua. Na mbege, pombe yetu ya ndizi, usihangaike kuipikia kwenye gesi. Ndizi mbivu zinataka kuchemka muda mrefu mpaka zigeuke nyekundu, halafu zikae siku kadhaa kabla ya kuchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Utamaliza mtungi kabla hujafika popote. Ya kwetu aliipika shemeji kitinda mimba, ambaye kwa mila ndiye aliyebaki kwenye kihamba, na aliipika kwa kuni wiki moja kabla hatujafika.

Gesi tulitumia kiasi gani? Mtungi wa kilo 15 tuliujaza Moshi mjini. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa juu yake, kwa hiyo ni rahisi kujua iliyobaki ukiwa na mzani, nasi tuliuazima kwa mchinjaji. Kuanzia mkesha mpaka jioni ya Krismasi zilikwenda kama kilo sita. Ukipiga hesabu ni shilingi 23,000 hivi. Mwaka uliotangulia kuni peke yake, kirikuu (gari dogo la mizigo) moja, zilitugharimu zaidi ya mara mbili ya hiyo. Ukiwasha pete zote muda wote litakula karibu kilo moja kwa saa, basi jifunze kuzifunga.

Regulata ndiyo inayowaponza wengi. Muuzaji atakwambia ile ya nyumbani inatosha. Haitoshi. Jiko hili linataka regulata ya presha kubwa yenye kitasa cha kuongeza na kupunguza, na mpira mnene wenye klipu za chuma pande zote mbili. Ya kwangu ilinigharimu shilingi 35,000 na siijutii hata senti. Kila ukifunga mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yakianza kuvimba, funga na urudie. Moto ukiwa wa njano na sufuria zinaota masizi, zungusha kile kidude cha hewa kilicho mwanzoni mwa bana mpaka moto uwe wa bluu. Mtungi nao ukitumika kwa moto mkubwa muda mrefu unakuwa wa baridi, unatoka jasho, na moto unapungua ingawa gesi ipo. Punguza pete, uache upumzike. Nimewahi kuona mtu anausogeza karibu na moto ili upate joto. Msifanye hivyo kamwe.

Upepo ni udhaifu wake wa kweli. Mchana ukivuma moto unalala upande mmoja na chakula kinachelewa. Tulisimamisha mabati pande tatu, mtungi ukabaki nje ya mabati, mbali kadiri mpira ulivyofika. Ndani ya chumba msiliwashe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa pale, ikingoja cheche. Mafiga yenye moto pia yawe mbali.

Kuhusu watoto: shemeji alimwaga majivu kuzunguka jiko lote, mstari mweupe mpana, akawaambia wajukuu wote kwa pamoja kwamba anayeuvuka hapati soda. Wakubwa waliwalinda wadogo wenyewe. Mjukuu wa miaka mitatu alisimama ukingoni mwa ule mstari na bakuli lake, ameshika mkono wa dada yake wa Nairobi ambaye kabla ya wiki ile hawajawahi kuonana, wakingoja waletewe.

Mwaka huu wake wote wa nyumba hii tulikwenda Misa ya asubuhi, tukakaa mpaka baraka ya mwisho. Sikumbuki ilipowahi kutokea. Siku zote mmoja au wawili tunabaki kwa ajili ya moto, au tunatoka wakati wa komunyo tukikimbilia sufuria. Safari hii mtori tulikuwa tumeumaliza alfajiri, jiko tukazima, mtungi tukafunga, tukavaa vitenge vyetu. Watoto wetu walikuwa kwenye igizo la kuzaliwa kwa Yesu, na kwa mara ya kwanza nilimwona wangu akisema maneno yake mbele ya altare, badala ya kusimuliwa na baba yake.

Na baada ya chakula cha mchana kuna ule utambulisho. Mzee wa ukoo anawasimamisha wajukuu mmoja mmoja: huyu ni mtoto wa fulani, babu yake ni fulani, na fulani yule pale ni nani kwako. Ndiyo sababu kubwa tunayowasafirisha watoto hawa, wasije wakakutana mjini siku moja wasijue kuwa ni ndugu. Mara nyingi wakati huo wakwe tuko nyuma tunaosha masufuria yenye masizi ya kuni, yale ya kusugua kwa mchanga. Masufuria ya gesi yalitoka meupe, yakaoshwa upesi, tukakaa kwenye viti pamoja na wengine. Nimejua sasa kwamba yule bibi wa kihamba cha chini ninayemwamkia kila mwaka ni dada wa tumbo moja na babu wa watoto wangu.

Serikali inataka kufikia mwaka 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi, na mitungi midogo ya kilo sita nimeiona mpaka huko vijijini. Kwa chai na maharage ya watu wanne inafaa. Kwa shughuli haifai, msije mkaifunga kwenye jiko hili.

Familia ya watu chini ya kumi na tano haina haja nalo, jiko zuri la meza linawatosha. Zaidi ya hapo nunueni, hata kwa kuchangishana. Sisi ndugu watano tungechangia, kila mmoja asingefikisha shilingi 25,000 pamoja na regulata. Ukienda kwa fundi, mwambie akukatie miguu mifupi, jiko likae usawa wa magoti. Langu miguu yake ni mirefu, na kuponda mtori wa lita 50 ukiwa umeinua mabega kunachosha mno. Fundi nimeshampigia, Januari analikata.