Nilirudisha santuri dukani, nikachekwa

Bado nina hasira, mtanisamehe. Nilinunua Psychocandy, albamu ya kwanza ya bendi ya The Jesus and Mary Chain, santuri iliyotumika, kwenye duka moja hapa Glasgow. Nikaweka sindano. Jamani! Mnaujua ule mlio maiki ikipitishwa mbele ya spika harusini, watu wanaziba masikio na fundi mitambo anakimbia? Basi ni huo, karibu kila wimbo, na hakuna anayekimbia.

Nikajua nimeuziwa mbovu. Nikairudisha.

Muuzaji hata hakuigusa. Alimwita mwenzake wa nyuma: "Njoo, nimepata mwingine!" Wakacheka mpaka wakashika meza. Kisha akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba Jim na William Reid, ndugu wenye bendi hiyo, waliirekodi hivyo kwa makusudi mwaka 1985, na kwamba ni vijana wa East Kilbride, hapo jirani tu. Kwa hiyo? Mimi nimezaliwa Tanga, ningejulia wapi? Mteja haambiwi hivyo.

Nikarudi nyumbani kuisikiliza tena, kwa shari, natafuta ushahidi. Na hapo ndipo iliponishika. Chini ya zile kelele kuna nyimbo za mapenzi, tamu kabisa. Just Like Honey inafunguliwa na mapigo yaleyale ya ngoma ya Be My Baby ya akina dada wa The Ronettes, wimbo wa 1963. Bobby Gillespie, mpiga ngoma wa akina Reid, anapiga amesimama, ngoma mbili tu, hana mbwembwe. Gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji, na katikati yake Jim anaimba kwa upole wa mtu aliyechoka kubembeleza. Nimeirudia usiku kucha. Nilikasirika zaidi, maana yule bwana alikuwa sahihi.

Ila si kwa yote! Upande wa pili, kwenye You Trip Me Up, sindano inaruka. Inaruka kweli, mchubuko nauona kwa macho, neno moja linarudiwa mpaka niinuke niisukume kwa kidole. Sasa nirudi kuwaambia safari hii imeharibika kwelikweli? Nani ataniamini?

Duka: sifuri. Albamu: nne kati ya tano. Hapana, tano. Lakini nipeni kwanza isiyoruka.